Ndama wa Bima

Nakumbuka siku moja, mwanangu, babangu alimkataa ng'ombe mbele ya watu. Wewe hukumjua Mzee Wanyonyi, kwa hiyo huwezi kushtuka kama tulivyoshtuka sisi. Huyo alikuwa mtu wa kuamka na kwenda kuwasalimia ng'ombe kwanza, mama yetu baadaye, na mama alishazoea. Ukitaka kumchukiza, ungemwambia ng'ombe wa jirani ana kiwele kikubwa kuliko wa kwake. Sasa mtu wa namna hiyo analetewa ng'ombe wa mahari, anamkataa, na mimi niko nyuma ya ukuta wa jiko na mwiko mkononi, nasikia kila neno.

Najua umekuja kuniuliza habari za mshahara wako nami nimeanza na ng'ombe. Vumilia. Umeajiriwa juzi, umeona kodi imekatwa, umepiga kelele kama kila mtu anayekatwa mara ya kwanza. Kisha ukaniambia ati bima ya afya huitaki, kwa sababu wewe ni kijana na huumwi, na pesa ikiingia kwa bima imepotea. Nikacheka. Sikukucheka wewe, nilimkumbuka babangu. Kaa basi, chai hiyo bado ni moto, na jibu lako linapitia Bungoma kabla ya kufika Kitale.

Wakati huo nilikuwa karani katika ofisi ya mhasibu mmoja mjini Bungoma. Kazi yetu ilikuwa kuwajazia watu ritani za kodi, na nyumbani kwetu palikuwa karibu, kwa hiyo jioni nilirudi kulala kwa baba. Sikuwa msichana mdogo tena. Niliosoma nao walikuwa na watoto wanaojua kusoma, na wanawake wa kanisani walikuwa wameanza kuniombea kwa sauti, jambo ambalo halifurahishi hata kidogo. Ndipo akaja Ndung'u. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda cha maziwa huko Kitale, nyumba yake Kibomet, na aliletwa Bungoma mara kwa mara kutengeneza mitambo ya kupozea maziwa ya wakulima. Aliingia ofisini kujaziwa ritani, akasahau kalamu yake. Akairudia kalamu, akasahau kofia. Mhasibu wangu akaniambia, "Nasimiyu, huyu kijana asipooa ataacha hapa hadi viatu."

Kwa hiyo mwezi wa kwanza, mahindi yakiwa yameshavunwa na watu wana nafasi, watu wa Ndung'u walikuja kwetu kuzungumza mahari. Msemaji wao alikuwa baba yake mkubwa, Mzee Gathogo, mnunuzi wa mahindi wa Moi's Bridge, mtu wa tumbo na wa maneno, ambaye koti lake lilikuwa na vumbi la mahindi hata siku ya kwenda kuposa. Walikula kuku, wakasifu ugali wa wimbi, wakaanza kuvutana kwa adabu kama inavyotakiwa. Ng'ombe wakakubaliwa mmoja mmoja. Walipofika kwa ng'ombe wa mwisho, baba akakohoa.

"Huyo simtaki," akasema.

"Ana kasoro gani, Mzee?" Gathogo akauliza. "Ni mtamba mzuri, wa maziwa. Mimi mwenyewe nimemchagua."

"Hana kasoro. Ni ng'ombe mzuri sana. Rakini simtaki. Badara yake mniwekee bima ya matibabu ya huyu msichana, iripwe kila mwaka."

Nilimsikia Gathogo akiweka kikombe chini.

"Mzee, bima si ng'ombe, bana. Bima haina hata mkia. Nikikuletea, nitakufungia wapi?"

"Atakaa kwenu, mumrishe huko. Mwaka ukiisha, nikiona amekura vizuri, mtachukua msichana. Kabla ya hapo, hapana."

Wazee wengine walidhani ni mzaha. Mimi nilijua si mzaha, na nilijua neno hilo limetoka wapi. Nilizaliwa na pumu. Utoto wangu wote, kila vumbi la kupura mahindi lilipopanda, kifua changu kilifunga na baba alinibeba hospitalini. Kulipokuwa na bili, ng'ombe mmoja alishuka sokoni Chwele. Zizi lililokuwa limejaa likaanza kuonyesha mapengo. Kulikuwa na mmoja mwekundu aliyekuwa akija akiitwa jina, na baba alipomwuza huyo hakusema na mtu siku nzima. Mimi nikapona, nikaja nyumbani, nikalikuta zizi na nafasi yake. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na babangu hakuwahi kunitamkia kwamba nilimlemea. Lakini mtoto huona.

Hata hivyo siku ile nilikasirika, nisikufiche. Wasichana wengine wanasubiri wiki chache, mimi nimewekewa mwaka mzima, na kwa sababu ya kitu ambacho hata hakiwezi kulia! Nikautupa mwiko ndani ya sufuria. Senge Nafula, dada yake baba, alikuwa ameketi jikoni akichambua mboga. Hakuniinulia macho.

"Utoe huo mwiko kabla haujaiva," akasema. "Babako anajua anachoogopa. Wewe bado hujajua."

Ndung'u akakubali. Hakubishana, na hilo ndilo lililonifanya nimpende zaidi. Alitafuta kampuni, akaninunulia bima ya peke yangu, jina langu, mlipaji yeye, na kila mwezi mshahara wake ulipoingia alilipa sehemu ya mwaka huo. Kila mwezi pia babangu alipiga simu Kitale, akipaza sauti kama mtu anayeongea kutoka ng'ambo ya mto.

"Ng'ombe amekura?"

"Amekula, Mzee. Ameshiba."

"Haya." Na simu inakatwa. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo ya mtu na mkwe wake, na kwa heshima ya kwetu yalikuwa mengi.

Ukafika mwezi wa sita, mwezi wa ritani. Watu walipanga foleni hadi kwenye ngazi, kila mmoja amekumbuka kodi siku za mwisho. Nikawa namjazia mwalimu mmoja aliyekuwa na bima ya afya, na nilipokuwa napiga hesabu ya nafuu yake, mkono ukasimama. Sheria ilikuwa inasema mtu akilipia bima ya afya, sehemu ya alicholipa inapunguzwa kwenye kodi anayodaiwa. Nilikuwa nimeiandika nafuu hiyo kwa watu chungu nzima, na sikuwahi kumfikiria Ndung'u wangu. Kila mwezi alikuwa analipia bima, na kila mwezi anakatwa kodi kamili kama mtu asiye na lolote!

Jioni hiyo nilikwenda nyumbani nikiruka. Nikamkuta baba anakamua, nikamwambia yote nikidhani nitamfurahisha. Kwamba serikali ikiona mtu analipia bima, inamwachia kidogo kwenye kodi. Si kingi, lakini ni cha kila mwezi, na kinabaki mfukoni mwake.

Baba akaacha kukamua. Akafikiri.

"Yaani yule ng'ombe amezaa?"

"Baba, ni kodi tu imepung—"

"Mimi sijui kodi. Nakuuriza, ng'ombe amekura, sasa kuna kitu kimetoka kwake. Hicho si ndama?"

Nikasema labda mtu anaweza kuita hivyo. Nilikosea, mwanangu. Kwetu ng'ombe wa mahari akishatajwa na kukubaliwa, ni wa baba ya msichana hata kama bado amelala kwa kina mume. Akizaa huko, ndama humfuata mama yake. Hakuna mtu wa Bungoma asiyelijua hilo, na kuna kesi za ndama wa namna hiyo ambazo zimezeesha wazee. Kabla maziwa hayajachemka, babangu alikuwa ameshapiga simu Moi's Bridge kumdai Mzee Gathogo ndama.

Gathogo alipiga kelele hadi mimi nilisikia kutoka upande wa pili wa uwanja. "Ndama gani, Mzee? Serikali haizai! Hiyo ni kodi ya kijana, ni jasho lake!"

"Ndama ni wangu."

"Sasa tukuletee nini, risiti ifungwe kamba?"

Wangeweza kucheka, yakaisha. Lakini wote wawili walikuwa watu wa kichwa kigumu, na kila mmoja alikuwa na jamaa wa kumchochea. Wa kwetu wakasema watu wa mahindi wamezoea kuiba kwenye mizani. Wa kwao wakasema watu wa Bungoma wanadai hata kivuli cha ng'ombe. Mwisho baba akatoa neno ambalo lilinikata maini. Alisema mtu anayekuficha ndama leo, kesho atakuficha mtoto wako akiwa mgonjwa, na kwamba mwaka ukiisha hatoi msichana kama ndama hajaonekana.

Hapo kicheko kikaniisha. Nilimpenda Ndung'u na nilimpenda babangu, na sikutaka kuolewa kwa kutoroka kama mwizi wa kuku. Nikaona dawa ni moja: tukamlete huyo ndama, tumweke mezani, watu wanyamaze. Nikaomba ruhusa kazini, nikaenda Kitale, tukaingia na Ndung'u kwa mama mhasibu wa kiwanda chao tukiwa na cheti cha bima. Nilijieleza vizuri sana, kwa maneno ya kiofisi. Mama yule akatusikiliza, akageuza cheti, akamwangalia Ndung'u juu ya miwani.

"Bima ni ya Nasimiyu. Huyu Nasimiyu ni nani wako?"

Ndung'u akaniangalia mimi. "Ni mke wangu... anakaribia."

"Anakaribia?"

"Mahari imebaki kidogo tu, mama."

Mama akacheka mpaka akavua miwani. "Kijana wangu, nafuu ni ya bima yako mwenyewe, au ya mke wako, au ya watoto wako. Sheria haina mtu wa kukaribia. Muoane kwanza, mniletee cheti cha ndoa, nami nitaiweka kwenye mshahara wako siku hiyo hiyo."

Niliona aibu hadi masikio yakawaka. Kwa watu wengine nilikuwa nauliza swali hilo kila siku: hii bima ni ya nani? Kwa yangu mwenyewe nilisahau. Nilirudi Bungoma nikaingia kwa Senge Nafula badala ya nyumbani, nikamweleza huku nalia. Nilimwambia ndama hayupo, hakuwahi kuwapo, na baba atasema ameibiwa.

Senge alinipa maji, akaningoja nimalize.

"Wewe kazi yako si ni kusomea watu sheria ya kodi?"

"Ndiyo, senge."

"Za watu unasoma na macho. Hii yako urisoma na moyo, ndiyo maana uriruka mstari. Haraka haraka haina baraka, mama. Usiwahi kukimbia kumwambia mzee jambo la pesa kabla hujarifikisha mwisho." Alisema kwa upole, lakini lilinichoma, kwa sababu lilikuwa kweli. Kisha akanisogelea. "Sasa soma tena, pore pore. Huyo mhasibu arisema ndama anazariwa lini?"

"Nikiwa mke."

"Na nani anazuia wewe kuwa mke?"

Nikaacha kulia. Senge akarudia kuchambua mboga zake kana kwamba tulikuwa tunaongea habari za mvua.

Jumamosi iliyofuata wazee wakakutana tena kwetu. Safari hii hakukuwa na kuku, chai tu, na hata hiyo ilimiminwa nusu. Gathogo akasimama, akaeleza kwamba wamekwenda kumtafuta ndama na hawakumpata, kwamba serikali imekataa. Wazee wa kwetu wakaanza kunung'unika. Baba akainua mkono.

"Imekataa kwa nini?"

Gathogo akakuna kichwa. Mambo ya kodi hayakuwa mizani ya mahindi. Hapo Senge akasema kutoka mlangoni, "Si mwite anayefanya kazi hiyo awaereze?" Basi nikaitwa. Mwanangu, msichana anayezungumziwa mahari haitwi kikaoni. Nikapiga goti nikawaamkia. Sikuangalia upande aliokaa Ndung'u.

"Baba," nikasema, "sheria inampa mtu nafuu akilipia bima yake, au ya mke wake, au ya watoto wake. Ndung'u amelipa bila kukosa mwezi. Ng'ombe amekula. Lakini mhasibu ameuliza mimi ni nani wa Ndung'u, na sisi hatukuwa na jibu. Kwa hiyo jibu tumekuja kuliomba kwako. Mimi ni nani wake?"

Kila mzee aliyekuwa pale aliiona kamba ilivyokuwa imefungwa. Baba akisema mimi si mke, hakuna ndama wa kudai, na ugomvi wote ulikuwa wa bure. Akisema mimi ni mke, ndama amezaliwa, ila nami nimekwenda.

Mzee Gathogo ndiye wa kwanza kuelewa. Tumbo lake likaanza kutikisika. Alijaribu kujizuia kwa heshima, ikashindikana, akacheka kile kicheko cha sokoni, na wazee wa kwetu wakamfuata mmoja mmoja. Baba peke yake hakucheka. Aliangalia zizi lake, na aliposema, sauti yake haikuwa ya kudai kitu.

"Mimi sikuwa nataka pesa," akasema. "Huyu msichana hapa akikohoa, najua ng'ombe gani nitauza. Nikiwa nimerara, najua. Rakini kule Kitare ni mahindi matupu, kila nyumba ni vumbi. Akikohoa kule, nani atauza ng'ombe? Nirikuwa naogopa tu. Nirisema acha mwaka upite nione kama kijana anaweza kurisha kitu ambacho hakioni."

Nililia tena, mbele ya wageni bila haya. Wakati wote huo nilidhani babangu anahesabu ng'ombe, kumbe alikuwa anaogopa. Na Ndung'u, ambaye hakutakiwa kusema neno kikaoni, akasimama.

"Mzee, kule kwangu hakuna ng'ombe wa kuuza. Ndiyo maana huyu wa bima sikuwahi kumnyima chakula. Na sitamnyima."

Baba akapiga paja lake.

"Basi ni mke. Mwandikeni. Na hiyo chai ijazwe vizuri, kwani ni matanga?"

Alipoona watu wamecheka na kulegea, akakumbuka. "Na ndama?" Gathogo akatupa mikono juu. Baba akasema, "Ndama ni wangu, na nimesema hivi: asiuzwe, asichinjwe, asigeuzwe nyama choma huko Moi's Bridge. Kira mwaka arudishwe kwa mama yake. Ng'ombe ale vizuri zaidi." Yaani nafuu ile itunzwe, na siku ya kulipia bima ya mwaka mwingine iongezwe humo humo. Mwanangu, nimefanya kazi na wahasibu wa shahada hadi nimestaafu, na sijasikia mpango uliokuwa mzuri kuliko huo wa mzee aliyesema hajui kodi. Alijua ndama.

Tulifunga ndoa kanisani Kitale mwezi wa nane. Mama mhasibu alikuja, akala sana, na Jumatatu akataka cheti. Mzee Gathogo alimletea baba zawadi ya mtamba, yule yule aliyekataliwa, na baba akampokea akijifanya hajamtambua.

Je, ilifaa kitu? Sikiliza. Msimu wa pili wa mavuno, jirani yetu wa Kibomet alileta mashine ya kupukuchua mahindi asubuhi, makapi yakajaa hewani, na kifua changu kikafunga kama zamani. Ndung'u alinikimbiza hospitalini, nikalazwa, nikatiwa oksijeni. Kadi ya bima ikaonyeshwa pale dirishani na hakuna aliyepigiwa simu auze chochote. Baba alifika siku iliyofuata na kuku wawili mkononi. Hawakumruhusu kuingia na kuku, akagombana na bawabu, akaingia bila kuku. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akanishika vidole.

"Baba," nikamwuliza, maana hilo ndilo lililokuwa moyoni mwangu tangu utotoni, "ng'ombe wako wangapi nyumbani?"

"Wote," akasema. "Wako wote."

Akageuka dirishani, akajifanya anaangalia kama Mlima Elgon unaonekana kutoka pale. Nilimwona mabega yake. Alikuwa na furaha hadi inamtoka machoni.

Tangu siku hiyo simu ikawa moja kwa mwaka, mwezi wa sita: "Ndama amezariwa?" Tukimjibu amezaliwa, anauliza kama amerudishwa kwa mama yake. Alipozeeka, mimi na ndugu zangu tukachanga tukamwekea bima yeye na mama. Nikamweleza mapema, maana nilishapata funzo, kwamba kwa bima ya wazazi sheria haitupi nafuu yoyote. Hakuna ndama hapo.

Baba akafikiri, meno yake yaliyobaki yakaonekana. "Si mimi ni dume," akasema. "Dume harizai. Rakini mwenye ng'ombe anaririsha tu."

Tulimlisha hadi mwisho. Alikufa akiwa mzee wa kushiba siku, kwake, na siku tulipomzika ng'ombe wake walikuwa zizini, na yule mtamba wa Gathogo alikuwa na wajukuu. Sikuona nafasi hata moja tupu.

Sasa hilo ndilo jibu lako, mwanangu. Bima uichukue ukiwa na afya, kwa sababu ukishaanza kukohoa watakuuzia kwa bei ya mtu anayekohoa, au wasikuuzie kabisa. Ukiwa nayo, usikae na cheti ndani ya sanduku; mpelekee mhasibu wa kazini kwako, kisha utazame mshahara wako kama kodi imepungua kweli, na ukijaza ritani mwezi wa sita uiandike tena. Usingoje wakufuate, mdai ndama ndiye anayempata. Ujue bima ni ya nani, wewe, mke, mtoto, kabla ya kwenda kujitia aibu kama sisi. Na sheria hizi zina miguu. Siku hizi hata ule mchango wa afya wa serikali wanautoa kwenye mshahara kabla ya kupiga hesabu ya kodi, jambo ambalo enzi zetu halikuwapo, na mwaka kesho wanaweza kubadilisha lingine. Kuuliza si ujinga. Uliza kila mwaka, na ulisome jibu mpaka mwisho kabla hujakimbia nalo kwa wazee.

Ile nafuu ikirudi mfukoni, nakuomba, isikupeleke nyama choma. Irudishe kwa mama yake. Lakini zaidi ya hayo yote, usipende watu kwa kufuata nafuu. Wako wengine katika maisha yako ambao serikali haitakurudishia shilingi kwa ajili yao, na hao ndio waliouza ng'ombe ukiwa hujui hata kuhesabu. Walishe.

Binti yangu naye anaposwa mwezi ujao, na watu wanakuja kutoka Eldoret. Mume wangu ameniuliza ng'ombe wa mwisho tutamtaka wa rangi gani, akiniangalia kwa pembe ya jicho. Wewe njoo usaidie kumimina chai, usikie mwenyewe nitakavyojibu.

Nenda salama basi. Mungu akupe kifua chepesi na usingizi mzito, akupe mke wa kukusomea mstari ulioruka, na zizi lako, mwanangu, lisikose hata mmoja. Na simu yangu ikilia mwezi wa sita, nataka kusikia kwamba ndama amezaliwa.